Kuchanjwa Nukta za Rangi Kichwani ili Kuficha Upara: Namna ya Kuamua na Kujiandaa

Mwanamume ambaye nywele zimemtoka panjani au utosini, na ambaye yuko tayari kunyoa kichwa kizima muda wote, anaweza kufikiria kuchanjwa nukta za rangi kwenye ngozi ya kichwa, kazi ambayo mafundi wake huiita mikropigmentesheni. Sindano nyembamba hutia rangi chini kidogo ya tabaka la nje la ngozi, nukta baada ya nukta, mpaka kipara kionekane kama kichwa chenye nywele kilichonyolewa jana. Kazi hii haioteshi hata unywele mmoja, wala haizuii zilizobaki zisitoke. Kwa hiyo anayetamani kuchana nywele zake tena atafute dawa au upandikizaji, asipoteze fedha zake hapa.

Kabla ya yote, nenda kwa daktari wa ngozi ujue kwa nini nywele zinatoka. Upara wa kurithi hujulikana kwa mwendo wake: mara nyingi huanza panjani, hufuata utosini, ukaacha nywele za kisogoni na za juu ya masikio, na chanzo chake ni homoni iitwayo dihaidrotestosteroni, ambayo hudhoofisha mashina ya nywele kwa waliorithi hali hiyo. Viraka vya mviringo vinavyotokea ghafla, mwasho, magamba au usaha ni habari nyingine; huenda ni mapunye au ugonjwa mwingine unaotibika, na kuchanja juu yake ni kuuzidisha. Upara ukiwa bado mchanga, uliza pia kuhusu minoksidili, dawa ya kupaka kichwani iliyoidhinishwa nchini Marekani kwa kazi hii mwaka 1988, na vidonge vya finasteridi vilivyofuata mwaka 1997, kwa kuwa dawa hizo hufaa zaidi kulinda nywele zilizopo kuliko kurudisha zilizokwisha kwenda.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo la kuangalia zaidi kuliko wengine, nalo ni keloidi, yaani makovu yanayovimba na kupita mipaka ya jeraha lenyewe. Tazama kovu lako la chanjo ya kifua kikuu mkononi na alama za vidonda vya zamani kifuani na mabegani. Kisha pitisha vidole kisogoni, pale mashine ya kinyozi inapomalizia kazi, utafute vipele vigumu visivyokwisha. Ukikuta kimojawapo kimevimba, usiendelee bila ushauri wa daktari, kwa maana sindano ile huchoma mara maelfu na kila tundu ni jeraha dogo. Fundi asiyekuuliza habari hizi mwenyewe hafai kukushika kichwa.

Katika kumchagua fundi, usitosheke na picha zilizopigwa siku ya kazi, kwa sababu siku hiyo nukta huwa nyeusi na nono kuliko zitakavyokuwa baadaye. Omba kuona vichwa vya watu wenye ngozi kama yako, vilivyopigwa picha mchana, mwaka mmoja au zaidi baada ya kuchanjwa. Sindano ifunguliwe mbele ya macho yako na itupwe baada yako, kwani homa ya ini na virusi vya UKIMWI huweza kupita katika sindano iliyotumika. Uliza pia aina ya rangi: zile zenye oksidi ya chuma huweza kugeuka wekundu kadiri miaka inavyokwenda, na wino mweusi uliozamishwa mno huonekana wa buluu. Mwislamu ni vema amuulize shehe wake mapema, kwa kuwa kuchanja mwili kwa rangi kuna makatazo yanayojulikana, na swali hilo halifai kuulizwa rangi ikiwa imekwisha kuingia.

Mstari wa mbele ndio unaoharibu kazi nyingi. Vinyozi wetu wamezoea kuuchonga kwa wembe na kuupaka rangi nyeusi hadi ukae kama umepigwa rula, na kijana hupenda hivyo; lakini rangi ya kinyozi huoshwa, ilhali hii itakuwapo hata paji la uso litakapokunjamana. Mwambie fundi auchore kwanza kwa kalamu, kisha simama mbele ya kioo uinue nyusi: mstari ukae juu ya mikunjo yote, uwe na panja kidogo, na nukta za ukingoni ziwe chache zisizojipanga. Akisisitiza kuushusha, ondoka.

Kazi yenyewe huhitaji vikao viwili hadi vinne vya saa kadhaa, vikipishana kwa wiki moja au zaidi, na kikao cha kwanza chapaswa kuwa hafifu kwa makusudi, kwani kuongeza rangi ni rahisi kuliko kuipunguza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au mwenye kisukari amwone daktari wake kabla ya kupanga siku. Baada ya kikao usioshe kichwa wala kutoka jasho jingi kwa siku tatu au nne, usibandue magamba, na uepuke bahari na jua kali hadi ngozi ipone kabisa. Dereva wa bodaboda anayevaa helmeti kutwa itambidi apumzike.

Baada ya hapo utanyoa kila siku mbili au tatu, kwa sababu nywele za pembeni zikirefuka siri hufichuka, na utaacha mafuta yanayong'arisha kichwa kwa sababu hiyohiyo. Jua hufifisha rangi, na wengi huhitaji kuiongeza baada ya miaka mitatu hadi mitano. Kuifuta kunawezekana kwa leza, ingawa kwenye ngozi nyeusi leza huweza kuacha mabaka, hivyo mtafute daktari aliyezoea ngozi hiyo. Ukiitwa kwenye kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu, mwambie mhudumu kwamba una rangi kichwani, kwa kuwa baadhi ya rangi hizo zina chuma.