Namna ya kutenganisha kiima na kiarifu katika sentensi ya Kiingereza

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, jioni tatu mfululizo tukichambua sentensi za Kiingereza kwenye meza ya chakula. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari ambako karibu kila somo hufundishwa kwa Kiingereza, na shida yake haikuwa uvivu wala uhaba wa msamiati. Alikuwa akiisoma sentensi ya Kiingereza kama asomavyo ya Kiswahili, na mazoea hayo humfaa mwanafunzi mahali pengi lakini humpoteza mahali pamoja.

Kiswahili hukitambulisha kiima, yaani sehemu inayotaja yule au kile kinachozungumziwa, ndani ya kitenzi. Tukisema "Kikapu cha maembe kimeanguka", kiambishi "ki-" kinatueleza papo hapo kwamba kilichoanguka ni kikapu, wala si maembe. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Kilichosalia ni "-s" ya nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo, pamoja na tofauti za "is" na "are", "was" na "were", "has" na "have". Ndiyo maana mpwa wangu aliandika "The basket of mangoes have fallen": alishika nomino iliyo jirani na kitenzi.

Hatua ya kwanza: pigia mstari kitenzi

Anza na kitenzi, usianze na nomino. Tumia penseli, kwa sababu utafuta mara nyingi. Ukikwama, ipeleke sentensi kwenye wakati mwingine; neno litakalobadilika umbo ndilo kitenzi, na kitenzi kisaidizi hupigiwa mstari pamoja na kitenzi kikuu, kama "has fallen".

Hatua ya pili: uliza "nani" au "nini" mbele ya kitenzi

Nini "has fallen"? Jibu ni "the basket of mangoes". Ninawasihi walimu na wazazi wasimfundishe mtoto kwamba kiima ni mtenda, kwa sababu maelezo hayo huvunjika mara tu anapokutana na sentensi kama "The goat was bought by my uncle", ambayo kiima chake ni mbuzi aliyenunuliwa, ilhali aliyetenda ni mjomba.

Hatua ya tatu: weka kiwakilishi mahali pa kiima kizima

Chukua sentensi "The woman who sells fish near the ferry has closed her stall". Jaribu kuweka "She". Ukiandika "She who sells fish", umekata mapema mno. Ukiandika "She has closed her stall", sentensi imesimama vizuri, na maneno yote yaliyomezwa na "She" ndiyo kiima, pamoja na kile kishazi chenye kitenzi chake "sells". Weka alama ya mkwaju (/) kabla ya "has". Kinachofuata chote ni kiarifu, yaani sehemu yenye kitenzi inayotoa habari za kiima. Wamarekani Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, ambao mchoro wao wa sentensi ulienea tangu mwaka 1877, nao walitenganisha sehemu hizi mbili kwa mstari wima unaoukata mstari wa msingi. Kwa mwanafunzi anayeanza ninapendelea mkwaju huo mmoja kuliko michoro ya matawi.

Hatua ya nne: sentensi zinazoanza na mahali

Hapa ndipo jioni ya pili ilipoishia yote. Sentensi ilikuwa "Behind the house stand two tall coconut trees", na mpwa wangu alishikilia kwamba kitenzi kimekosewa, kwamba kingepaswa kuwa "stands".

"Mjomba, nyumba si ni moja?" aliuliza. Nilimwomba aiseme kwa Kiswahili, akasema: "Nyuma ya nyumba pamesimama minazi miwili mirefu." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: "Na hiyo 'pa-' ni ya nyuma ya nyumba, si ya minazi."

Alikuwa amesema kweli, na kosa lake lilitokana na ukweli huo. Kitenzi cha Kiswahili kinaweza kupatana na mahali: tunasema "Bustanini mna mbuzi wawili", na "m-" ni ya bustanini. Kiingereza, katika sentensi za aina hii, hakifanyi hivyo. Kitenzi huvuka mahali pale na kupatana na nomino iliyo nyuma yake. Dawa ni kupeleka mahali mwishoni: "Two tall coconut trees stand behind the house". Sasa kiima kiko mbele, na "stand" haina ubishi.

Kuna tahadhari kadhaa. Kundi linaloanza na kihusishi, kama "in", "behind", "under" au "of", kwa kawaida haliwezi kuwa kiima, kwa hiyo lizungushie mabano ya penseli kabla ya kuuliza swali la hatua ya pili. Hata hivyo, katika "Under the bed is a dusty place", mahali penyewe ndipo panapoelezwa, na kundi hilo ndilo kiima. Katika "There are two goats in the garden", sarufi ya shuleni huhesabu "two goats" kuwa kiima kwa kuwa "are" inapatana nao, ingawa wanaisimu wengi hukiita "there" kiima cha kimuundo. Kwenye mtihani wa shule, fuata sarufi ya shuleni. Tena, "The teacher, together with her pupils, has arrived" hubaki katika umoja, tofauti na mazoea yetu ya kusema "Mwalimu pamoja na wanafunzi wake wamefika". Mwisho, "A number of students are absent" huchukua wingi, lakini "The number of students is small" huchukua umoja, kwa sababu katika sentensi ya pili kinachoelezwa ni idadi yenyewe.

Hatua ya tano: maswali na amri

Swali ligeuze kwanza kuwa taarifa: "Has the teacher arrived?" liwe "The teacher has arrived", kisha rudi hatua ya kwanza. Katika amri kama "Close the door", kiima ni "you" isiyotamkwa, na sentensi yote iliyoandikwa ni kiarifu. Kiswahili hutofautisha "funga" na "fungeni". Kiingereza hutumia "close" kwa mmoja na kwa wengi, kwa hiyo usitafute idadi ya wanaoamriwa ndani ya kitenzi.