Ekari moja, mavuno mawili: mahindi na mbaazi pamoja

Mkulima wa mahindi matupu hukwamishwa na kalenda kuliko jembe. Anavuna wakati kila mtu anavuna, madeni ya pembejeo yanamsubiri, anauza kwa bei ya kutupa. Januari yuko sokoni ananunua mahindi kwa bei ya juu. Kumwaga mbolea zaidi peke yake hakumtoi hapo. Anahitaji zao linaloleta fedha mwezi mwingine. Maeneo kama Babati na Karatu, kaskazini mwa Tanzania, zao hilo ni mbaazi.

Chagua mbaazi inayochelewa kukomaa, mfano aina ya Mali, ambayo pia huhimili ugonjwa wa mnyauko. Panda mazao yote mawili mvua zikianza, wiki ileile. Mbaazi ikichelewa inafunikwa na mahindi, inadumaa.

Mahindi: sentimita 90 kati ya mistari, 50 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Ekari inabeba miche kama 18,000, kwa hiyo hupunguzi mahindi hata kidogo. Mbaazi zikae mstari mmoja katikati ya mistari ya mahindi, shimo kila sentimita 60. Tia mbegu tatu, baadaye bakiza miche miwili. Kilo 4 zinatosha. Mbolea ya nitrojeni wape mahindi tu, mbaazi inajitengenezea yake. Miezi miwili ya mwanzo mbaazi hukua polepole, ndiyo maana haigombani na mahindi.

Ukivuna mahindi, usivunje mbaazi. Na hapa ndipo wengi hupoteza zao: mahindi yakitoka, mifugo inaachiwa mashambani. Mwenye mbaazi peke yake katikati ya mashamba yaliyovunwa atalisha mbuzi wa kijiji kizima. Kubalianeni mapema na majirani na serikali ya kijiji tarehe ya kufungulia mifugo, kabla ya mavuno, maana mbuzi wakishazoea shamba hakuna kikao kitakachowatoa.

Maua yakianza, kagua mara mbili kwa wiki. Funza akishaingia ndani ya ganda, dawa haimfikii. Nyunyiza jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani.

Usigeuze shamba lote kuwa mbaazi. Soko lake linategemea sana India. Mwaka 2017 nchi hiyo ilipoweka kikomo cha kuagiza, bei Tanzania iliporomoka. Uza kwa mizani, kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na stakabadhi ghalani (unaweka mzigo ghalani, unapewa hati, unauzwa kwa pamoja) pale zinapofanya kazi. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni kumpa mnunuzi kilo za bure.

Fedha ya mbaazi ndiyo inayokuwezesha kutouza chakula. Tenga kwanza gunia la mahindi la kilo 100 kwa kila mtu wa nyumbani kwa mwaka. Kupima ukavu, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa: chumvi ikiganda kwenye kuta, anika tena. Kisha jaza mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, funga kila tabaka peke yake, uweke juu ya mbao mbali na ukuta. Panya akitoboa tundu moja tu, hewa inaingia na dumuzi, wadudu watoboao punje, wanaendelea kula. Wala usiufungue kila siku kuchota: toa mahitaji ya mwezi mzima kwa mkupuo, ufunge.