Nikeli ya ndani ya gari ikishika doa sugu, usianze na stili waya

Mi yangu niliiharibu mwenyewe. Chai ya maziwa ilimwagika pale kwenye gia, nikafuta juujuu nikaona imeisha, baada ya wiki mbili pembeni ya ule urembo wa silva unaozunguka gia kukawa na utepe wa kahawia mgumu kama gamba, basi na haraka zangu nikachukua stili waya ya kusugulia sufuria nikakandamiza. Doa lilitoka. Lilitoka na silva yake, chini nikakuta plastiki nyeusi imenikodolea macho.

Kwa hiyo kabla hujaleta dawa yoyote, jua kwanza unasugua nini, manake vitu vingi vinavyong'aa ndani ya gari sio chuma, ni plastiki imepakwa rangi ya silva au imepigwa nikeli nyembamba juu. Shika asubuhi gari ikiwa imelala kivulini: chuma kina ubaridi unaousikia mkononi, plastiki haina. Gonga na kucha, plastiki inatoa sauti butu. Sumaku nayo inasaidia lakini isikudanganye, ikinata ujue ni chuma, isiponata bado yaweza kuwa aluminiamu au steinlesi, zipo steinlesi hazishiki sumaku kabisa. Kwa kawaida vile vibati vya kwenye kizingiti cha mlango, vile unavyokanyaga ukiingia, ndo huwa chuma kweli, vitasa vya ndani na fremu za matundu ya AC mara nyingi ni plastiki.

Ukishajua, anza na kitu laini hata kama doa linaonekana la kishetani. Madoa ya chai, soda na juisi ni sukari iliyokauka, na sukari haitaki nguvu, inataka maji ya moto na muda. Loweka kitambaa kwenye maji ya moto yenye tone mbili tatu za sabuni ya kuoshea vyombo, kamua vizuri, kilaze juu ya doa dakika tano, kikipoa rudia. Halafu futa, na kwenye kona pitisha mswaki wa zamani au pamba za masikio. Mimi ningefanya hivi tu siku ile nisingenunua urembo mwingine. Na usipulizie maji moja kwa moja, weka kwenye kitambaa, hapo pembeni kuna swichi za vioo na nyaya za gia.

Yale madoa meupe ya chumvichumvi ni habari nyingine, hasa kwa sisi tunaooshea magari maji ya kisima, yanakaukia kwenye kibati yanaacha ramani. Sabuni haiyatoi. Kama ni steinlesi au nikeli, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, pakaa na kitambaa, subiri dakika mbili, suuza na kitambaa cha maji safi, kausha hapohapo. Ukiacha ikauke yenyewe umeanza upya. Siki usiichanganye na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hata kidogo, inatoa gesi ya klorini na wewe umejifungia ndani ya gari, na hiyo Jik hata peke yake inatoboa steinlesi vidoti vidoti.

Aluminiamu iheshimu. Ile isiyong'aa sana, yenye mistari midogo kama imechanwa na kitana, juu yake ina ngozi nyembamba sana ya kuilinda, na asidi na magadi vyote vinaila. Mliopika maharage ya magadi kwenye sufuria ya aluminiamu mnajua sufuria inavyogeuka nyeusi, ndo hivyohivyo. Kwa hiyo hapo hakuna siki, hakuna ndimu, hakuna magadi wala ile dawa ya kuoshea rimu, ni sabuni na maji ya uvuguvugu tu, unafuta kufuata mistari, ukikata mistari utaona mikwaruzo kila jua likipiga.

Gundi sasa. Gari nyingi zikitoka Japani vibati vya mlangoni bado vina nailoni ya kiwandani, mtu anaiacha miaka ili gari ionekane mpya, jua linaipika mpaka inagandana. Pasha na drayer ya nywele, vuta taratibu kutokea kona moja. Gundi inayobaki ipake mafuta ya kupikia, ndiyo, haya ya kula, iache dakika ishirini, kwangua na kadi ya benki iliyoisha muda wake, malizia na sabuni kutoa utelezi. Mafuta ya taa yanafanya kazi haraka zaidi ila harufu utakaa nayo siku kadhaa. Petroli ndani ya gari hapana. Thina ndo kabisa, inayeyusha plastiki ya jirani wakati wewe unashangilia gundi.

Brasso au Autosol, zile dawa za kung'arishia chuma, ni kwa steinlesi au nikeli ya kweli peke yake, zina vichembe vya kusaga, kwenye plastiki au aluminiamu yenye ngozi zinaacha ukungu usiorudi. Bandika selotepu ya karatasi pembeni kwanza, la sivyo ule unga mweupe utajaa kwenye maungio ya dashibodi.

Kutu kidogo kwenye reli za siti: kunja karatasi ya foili, ichovye maji, sugua, foili ni laini kuliko chuma kwa hiyo haichubui sana. Kausha, pakaa grisi kiduchu. Ila ukiinama chini ya siti ukaona plagi ya njano, hiyo ni ya airbag, usiilowanishe, usiichomoe, sugua ukiwa mbali nayo.