Hakikisha jina la mti kabla ya kuupanda: Cornus za kijani mwaka mzima

Kwenye bustani za miche kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, mche huuzwa kwa jina ambalo muuzaji naye aliambiwa. Kwa mwembe hakuna hasara. Kwa Cornus (jenasi ya miti na vichaka) zisizopukutisha majani, ambazo hapa Dar es Salaam hazionekani mara kwa mara, hasara ipo, maana majina yao yamebadilika sana. Cornus capitata wa Himalaya umewahi kuitwa Benthamia fragifera, tena Dendrobenthamia capitata. Cornus elliptica wa China bado huuzwa kwa jina la angustata. Unaweza kulipia mti uleule mara mbili ukidhani umepata aina mpya.

Anza na jani. Majani ya Cornus hizi hutoka mawili mawili yakitazamana kwenye tawi, na mishipa ya pembeni huchomoza kwenye mshipa wa kati kisha hupinda kuelekea ncha. Usiharakishe hapo, kwa sababu mdalasini nao huweza kukudanganya: majani yake pia hukaribia kutazamana, ila mishipa mikuu mitatu huanzia karibu na kitako cha jani, na ukilifikicha linanukia. Mbuni, yaani mti wa kahawa, una kijijani kidogo chenye ncha katikati ya vikonyo viwili vya majani, Cornus haina. Kisha chana jani polepole kwa kukingama. Mara nyingi vipande viwili vya Cornus hubaki vimeshikana kwa nyuzi nyembamba nyeupe. Dalili hiyo peke yake haitoshi kukupa jina.

Ua na tunda ndivyo vinavyotenganisha aina. Cornus capitata huzungushia kichwa cha maua madogo vijani vinne hivi vya rangi ya krimu, ambavyo wengi huvidhania petali, na matunda yake huungana kuwa donge jekundu kama stroberi. Cornus volkensii, mti wetu wa misitu ya milimani kama Kilimanjaro, hauna mapambo hayo makubwa, na matunda yake hukaa mbalimbali. Kwa hiyo mche usiowahi kuchanua uandikie "Cornus" tu, usubiri.

Ukipata ua au tunda, kata tawi lenye majani, ulilaze kati ya magazeti chini ya uzito. Kwa unyevu wa pwani badilisha magazeti kila siku, la sivyo litaota ukungu. Andika mahali, tarehe, urefu wa mti na rangi ya ua likiwa bichi, kwani rangi hupotea likikauka. Peleka sampuli kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Hebaria ya Taifa, Arusha. Jina utakalopewa lilinganishe na Plants of the World Online, orodha ya mtandaoni ya majina ya mimea ya bustani ya Kew, Uingereza, uone kama ndilo linalokubalika sasa au ni la zamani.

Kama miche inatoka nje ya nchi, kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kitangulie.

Jina likithibitika kuwa volkensii, nakusihi usiupande Kigamboni wala Mbagala. Joto la pwani si lake. Mwenye shamba Lushoto au Moshi aupeleke huko, na apande miche kadhaa, kwa kuwa maua ya kiume na ya kike hukaa kwenye miti tofauti.