Namna ya Kuandaa Mfululizo wa Muziki wa Jukwaani Katika Uwanja wa Wazi Majira ya Joto

Mwanamuziki anayepiga ukumbini husaidiwa na kuta na dari bila hata kufahamu. Kila sauti anayoitoa humrudia baada ya muda mfupi na kumjulisha kwamba ameimba sawasawa, kwamba mpiga besi hajamtangulia, na kwamba watu wa nyuma wanamsikia. Akitoka nje, msaada huo hukatika. Sauti huondoka isirudi, na kila umbali kutoka kwenye chanzo chake unapoongezeka maradufu, nguvu yake hupungua kwa takriban desibeli 6. Mwimbaji asiyejisikia hupaza sauti kupita kiasi na koo likamchoka kabla onyesho halijafika nusu. Mpiga ngoma naye huongeza nguvu ili amfikie, na muda si mrefu bendi nzima inakimbia mdundo. Kwa sababu hiyo naamini kwamba kazi ya kwanza ya mwandaaji wa maonyesho ya nje si kukodi spika kubwa za kuwaelekezea watazamaji, bali ni kuwarudishia wanamuziki kile walichokipoteza kwa kukosa kuta.

Kuwachagua wasanii na kukubaliana nao

Mfululizo wa wiki sita au nane haufai kupangwa kama jioni sita au nane zisizojuana. Anza kwa kuutazama uwanja wenyewe, kisha ujiulize ni muziki gani unaoweza kukaa vizuri hapo. Bendi ya matarumbeta inafaa sana nje, kwa kuwa midomo ya ala zake huielekeza sauti mbele, na watu kumi na wawili wanaweza kusikika katika uwanja wa wastani bila kipaza sauti hata kimoja. Kwaya isiyo na ukuta nyuma yake hupotea hewani, na fidla nne ambazo ukumbini huwatoa watu machozi zitageuka mnong'ono iwapo kuna barabara karibu. Sisemi kwamba kwaya na fidla zinyimwe nafasi. Zipewe jioni ambayo viti vimesogezwa karibu na jukwaa, na nyuma yao pasimamishwe ubao mgumu uliopinda mithili ya gamba, ambao huirudisha sauti mbele na kuwawezesha wenyewe kusikilizana. Hollywood Bowl, uwanja wa muziki wa huko Marekani uliofunguliwa mwaka 1922, unatambulika duniani kote kwa gamba la namna hiyo.

Kila kikundi ulichokichagua kikutumie mapema mchoro wa jukwaa pamoja na orodha ya mahitaji yake. Mchoro mzuri hauzidi ukurasa mmoja: duara la ngoma katikati kwa nyuma, alama ya msalaba pale anaposimama kila mwimbaji, namba ya kila kipaza sauti, vijistatili vidogo kuonyesha spika za kujisikilizia zielekee wapi, na alama ya kila mahali panapohitajika umeme. Fundi mitambo akiwa na karatasi hiyo siku tatu kabla, atafika akiwa na nyaya za kutosha na za urefu unaofaa. Akiikosa, saa nzima ya kujaribu mitambo itaishia katika kuulizana nani anapiga nini.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama mnafahamiana. Mbali na kiasi cha malipo na tarehe ya kulipa, uandike waziwazi nani mwenye mamlaka ya kuahirisha onyesho kwa sababu ya hali ya hewa, uamuzi huo utolewe kabla ya saa ngapi, na msanii atalipwa kiasi gani mvua ikinyesha. Rai yangu ni kwamba mwanamuziki aliyefika, akafunga vyombo vyake na kuwa tayari kupiga, alipwe malipo yake kamili hata kama hakupiga noti moja, kwa maana yeye ametimiza sehemu yake yote na mvua haikuwa kosa lake. Ulizia pia mapema kibali cha kupiga hadharani nyimbo zenye hakimiliki, ambacho kwa kawaida huombwa na mwandaaji, si bendi.

Jua, kivuli na ala zenyewe

Kabla ya kuamua jukwaa lielekee wapi, nenda uwanjani saa ileile ambayo onyesho litafanyika, usimame pale atakaposimama mwimbaji, utazame mbele kwa dakika kadhaa. Nilipoanza kazi hii niliwahi kulielekeza jukwaa magharibi kwa sababu tu mteremko wa nyasi ulikuwa upande huo na watu wangekaa vizuri. Jioni ya kwanza, mpiga saksafoni alipiga karibu nusu saa akiwa amefumba macho, nami kwa ujinga nikadhani amezama katika muziki. Alipokuja pembeni kunywa maji, macho yalikuwa mekundu na yanamtoka machozi. Hakuwa ameona ishara hata moja ya kiongozi wa bendi. Tangu hapo huanza na macho ya wanaopiga, ndipo nitafute mahali pa kuwaweka watazamaji.

Paa la jukwaa peke yake halitoshi, kwa sababu jua la alasiri huingia kwa mbele na kwa pembeni. Andaa turubai la pembeni linaloweza kushushwa, na uwe na mahali penye kivuli nyuma ya jukwaa ambapo ala zitakaa nje ya masanduku yake walau nusu saa ili zizoee hewa ya hapo kabla ya kulinganishwa sauti. Jambo hili wengi hulipuuza, na ndilo huharibu muziki mzuri. Hewa ikipata joto, sauti husafiri kwa kasi zaidi ndani ya ala za kupuliza na noti hupanda. Kinadharia, ongezeko la nyuzijoto 10 hupandisha noti kwa karibu theluthi ya nusu toni, ingawa pumzi ya mpigaji hupunguza tofauti hiyo kwa kuwa huiweka hewa ya ndani katika joto lake. Nyuzi za chuma za gitaa na fidla hufanya kinyume: hutanuka, hulegea, na noti zake hushuka. Filimbi na gitaa zilizopatana vizuri kivulini zitatengana zikiwa juani, moja ikipanda na nyingine ikishuka, na hapo hakuna ustadi wa vidole utakaoziunganisha. Waache wapigaji wakae katika hali moja ya hewa, na kwenye ratiba uweke dakika moja ya kulinganisha sauti kati ya nyimbo bila kumwona anayeiomba kuwa ni msumbufu.

Ala za mbao zina hatari nyingine. Klarineti na obo nyingi bora huchongwa kwa mpingo, mti mgumu kuliko miti mingi, lakini hata mpingo hupasuka pale upande mmoja unapopata joto au ukavu ghafla kuliko mwingine. Fidla nazo huunganishwa kwa gundi inayolainika kwa joto kali. Kwa hiyo asiwepo wa kuacha ala ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda wa kwenda kuchukua chakula.

Wanaosoma noti wanahitaji vibanio vya nguo ili upepo usipeperushe karatasi zao, na namna ya kuvitumia ina mbinu yake. Kibanio kimoja hukaa juu kushoto kikishika kurasa zilizokwisha kupigwa, kingine chini kulia kikishika zinazosubiri, na noti hupangwa tangu mazoezini ili kila mgeuko wa ukurasa uangukie mahali ambapo mpigaji ana mapumziko ya kutosha kukifungua kibanio na kukirudisha. Plastiki angavu inayowekwa juu ya karatasi hushika vizuri, ila jua huipiga ikang'aa na maandishi yasionekane. Itumike baada ya jua kuzama tu.

Sauti ya jukwaani na sauti ya uwanjani

Siku bendi zaidi ya moja zinapopiga, ya mwisho kupanda jukwaani ndiyo ianze kujaribu mitambo, na ya kwanza kupanda ijaribu mwisho. Kwa namna hiyo vyombo vya bendi ya kwanza vinabaki mahali pake onyesho linapoanza. Fundi asianze na spika za uwanjani. Aanze na zile za kujisikilizia, aulize kila mpigaji anataka kumsikia nani, na asiondoke hapo mpaka mwimbaji aweze kuimba kwa sauti yake ya kawaida bila kukunja uso. Mara nyingi bendi huomba kuongezewa sauti, kumbe kinachohitajika ni kupunguza vingine: gitaa likishushwa kidogo, sauti ya mwimbaji hujitokeza yenyewe, na spika hazipigi miluzi. Vipaza sauti vyote vivishwe sifongo nene, kwa sababu upepo mdogo usiousikia sikioni hutoa mngurumo mkubwa ndani ya mitambo.

Uwanja ukiwa mrefu, spika za ziada huwekwa katikati ili watu wa nyuma wasikie bila watu wa mbele kuumizwa. Hewa ikiwa na nyuzijoto 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 60 kutoka jukwaani hufikiwa na mdundo karibu sekunde 0.17 baada ya kupigwa, wakati umeme huzifikia spika za katikati papo hapo. Zisipocheleweshwa kwa makusudi, kila pigo la ngoma litasikika mara mbili. Kipimo ni rahisi: karibu milisekunde 2.9 kwa kila mita inayozitenganisha na spika za jukwaani.

Majirani nao wasisahauliwe. Mchana, ardhi inapokuwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, sauti hupinda kuelekea juu na watu walio mbali husikia kidogo. Jua likizama na ardhi kupoa, hali hugeuka: sauti hupinda chini na kusafiri mbali, ikabisha hodi katika nyumba ambazo saa mbili kabla hazikusikia chochote. Fundi anayeacha mitambo ilivyokuwa alasiri atakuwa anawasumbua watu usiku bila kugusa kitufe chochote. Kwa upande wa masikio ya watazamaji, kiwango kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kinataka wastani wa sauti katika kumbi na matukio ya burudani usizidi desibeli 100, ukipimwa kwa kipindi cha dakika 15. Wanamuziki hukaa ndani ya sauti kubwa hiyo kila wiki, hivyo wawekee vizibo vya masikio nyuma ya jukwaa.

Upepo, mvua na radi

Tarehe 12 Agosti 1937, huko Tanglewood nchini Marekani, dhoruba ya radi iliwakatiza wanamuziki wa Boston Symphony Orchestra waliokuwa wakipiga chini ya hema. Michango ilianza kukusanywa palepale, na mwaka uliofuata walipiga chini ya paa la kudumu lililo wazi pembeni. Mwaka 2011, katika maonyesho ya jimbo la Indiana, upepo wa dhoruba uliliangusha paa la jukwaa juu ya watu na saba wakapoteza maisha. Wengi huihofia mvua, lakini mimi naiogopa zaidi hali ya upepo, kwa kuwa kasi yake ikiongezeka maradufu, nguvu inayosukuma paa na mapazia huongezeka mara nne.

Mwombe aliyekukodisha jukwaa akupe kwa maandishi kasi ya upepo ambayo mapazia yanapaswa kushushwa na ile ambayo watu wanapaswa kuondoka, kisha ufunge kipimaupepo juu ya paa, si chini ambako miti na umati huuzuia upepo. Radi ikimulika, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Hesabu ikipungua sekunde 30, muziki usimame na watu waelekee kwenye majengo au magari yaliyofungwa, wala wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mtu mmoja anayejulikana kwa jina na kila kikundi awe na mamlaka ya kusimamisha onyesho, na mshereheshaji awe na tangazo lililoandikwa tayari, kwa sababu sauti tulivu ya jukwaani ndiyo huwazuia watu kukimbia ovyo.

Jioni yenyewe

Weka maji ya kunywa jukwaani karibu na kila mpigaji, mbali na nyaya. Ruhusu dakika 20 hadi 30 za kubadilisha bendi, na kama bendi zote zinakubali kutumia seti moja ya ngoma, muda huo hupungua sana. Mshereheshaji atamke majina ya wanamuziki jinsi wenyewe wanavyoyatamka. Aulize mapema na ayaandike.

Malipo yatolewe jioni ileile, kabla vyombo havijapakiwa. Kisha, wakati nyaya zinakunjwa, mfuate mwimbaji na mpiga ngoma mmoja mmoja uwaulize walisikia nini jukwaani na walikosa kusikia nini. Majibu yao yaandike kwenye daftari lenye tarehe, mwelekeo wa upepo na mahali spika zilipokuwa, na umpe fundi daftari hilo kabla hajaanza kufunga mitambo ya wiki inayofuata.