Makabati ya juu ya gereji ya nyumbani: anza na ukuta, kabati lifuate

Habari zenu wanachama. Wengi mmeniomba somo la kuchagua makabati ya juu kwa ajili ya gereji, na karibu kila aliyeomba alianza na swali la rangi au aina ya milango. Naelewa, kwa sababu na mimi nilianzia hapo.

Kabati langu la kwanza lilidumu ukutani miezi minane. Nililipenda kwa macho, nikalifunga kwa skrubu nne na plagi za plastiki (zile zinazoingizwa kwenye tundu la ukuta ili skrubu ishike), nikalijaza makopo ya rangi na boksi la vifaa. Usiku mmoja tukasikia kishindo. Skrubu mbili za juu zilikuwa zimetoka pamoja na vipande vya plasta, na kabati lilikuwa limelala juu ya boneti ya gari. Jioni ya siku hiyo hiyo mwanangu alikuwa amechuchumaa chini yake akijaza upepo baiskeli. Gari lilitengenezwa, lakini picha ya mtoto pale chini haijanitoka hadi leo, na ndiyo sababu nafundisha jambo hili kwa mpangilio huu: uzito kwanza, ukuta wa pili, kabati la tatu.

Hatua ya 1: Pima mzigo kabla ya kupima nafasi

Kusanya sakafuni vitu vyote unavyotaka viende juu. Chukua mizani ya kupimia uzito wa mwili, panda ukiwa umebeba boksi, kisha panda mikono mitupu, utoe. Andika.

Utashangaa. Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini rangi ya ukuta ni nzito zaidi: kopo la lita 5 huwa karibu kilo 7. Oili ya injini ni nyepesi kuliko maji, hivyo galoni ya lita 5 haifiki kilo 5. Misumari na skrubu ndizo zinazodanganya kuliko vyote, maana kopo dogo la kushika kwa mkono mmoja linaweza kuzidi boksi kubwa la mapambo ya sikukuu.

Halafu jumlisha kabati lenyewe. Kabati la chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ya milimita 18 lenye upana wa sentimita 80, urefu wa 70 na kina cha 35 lina takriban kilo 24 likiwa tupu. La bati la chuma lenye unene wa milimita 0.8 kwa vipimo hivyo hivyo ni kama kilo 15 au zaidi kidogo, ukihesabu mikunjo na bawaba. Watu wengi hudhani chuma ndicho kizito. Kwa makabati, mara nyingi ni kinyume.

Hatua ya 2: Ujue ukuta wako

Hapa usiwe na haraka. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukitoa sauti nzito isiyo na mwangwi, una zege au tofali zima. Sauti ikiwa ya uwazi, una tofali lenye matundu au ukuta wa jipsamu uliofunika nguzo za mbao. Ili kuhakikisha, toboa tundu dogo mahali ambapo kabati litapaficha. Unga mwekundu ni tofali la udongo, unga wa kijivu ni zege au tofali la saruji, unga mweupe laini ni jipsamu. Keekee ikizama ghafla, umefika kwenye tundu.

Zege na tofali zima hupokea vizuri bolti za kutanua, yaani zinazotanuka ndani ya tundu unapozikaza. Kwenye tofali, toboa katikati ya tofali lenyewe. Usitoboe kwenye kiungo cha saruji wala karibu na ukingo, kwa sababu bolti inapotanuka hupasua. Hesabu kina kuanzia mahali plasta inapoishia, kwa maana plasta haishiki kitu. Kosa langu lilikuwa hilo: plagi zangu zilikuwa fupi, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ndani ya plasta.

Tofali lenye matundu halifai kwa bolti ya kutanua, kwani inatanuka hewani. Humo tumia gundi ya nanga (gundi ya kushikiza bolti ndani ya tundu) pamoja na kifuko chake cha wavu, na upulize vumbi lote nje ya tundu kabla ya kuijaza. Gundi iliyoshika vumbi haijashika ukuta.

Ukuta wa jipsamu wenye nguzo za mbao unataka utafute nguzo. Katika nyumba nyingi za mbao nguzo hupishana kwa sentimita 40 au 60 hivi, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Kabati lenye upana wa sentimita 50 linaweza kukutana na nguzo moja tu, basi chagua pana zaidi au uweke ubao mrefu wa kuvuka nguzo mbili au tatu, kabati lishike ubao huo. Skrubu nyeusi za kufungia mbao za jipsamu usizitumie kuning'inizia kabati. Ni ngumu lakini hukatika ghafla bila kupinda.

Kabla ya kutoboa popote, tazama soketi na swichi zilipo. Nyaya mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye hizo, kwa hiyo uepuke mstari wa juu na wa chini yake.

Hatua ya 3: Kina, jambo ambalo wauzaji hawalizungumzii

Kabati la ukutani ni wenzo. Ukingo wake wa chini unasukuma ukuta, ukingo wa juu unavuta skrubu zitoke. Kadiri kabati linavyokuja mbele, ndivyo mvuto unavyokua, hata uzito usipoongezeka.

Chukua kabati lenye jumla ya kilo 60, mzigo ukiwemo, na urefu wa sentimita 70. Likiwa na kina cha sentimita 40, uzito wake uko sentimita 20 kutoka ukutani, hivyo skrubu za juu zinavutwa nje kwa nguvu inayolingana na kilo 17 (60 mara 20, gawa kwa 70). Kina kikiwa sentimita 60, nguvu hiyo inafika kilo 26. Urefu wa kabati ukipanda hadi sentimita 90 kwa kina kile cha 40, inashuka hadi kilo 13. Ndiyo maana nawashauri wanafunzi wangu wachague kabati refu lenye kina kidogo. Sentimita 30 hadi 40 zinatosha makopo, keekee, kofia na maboksi ya kawaida. Kabati la kina cha sentimita 60 lina tatizo jingine: kilichoko nyuma hukioni, na ukikivuta kinakuja na vya mbele, juu ya uso wako.

Hatua ya 4: Malighafi

Gereji hupata unyevu, vumbi na joto. Chipubodi ikinywa maji kwenye kingo inavimba na skrubu za bawaba zinalegea, hairudi. Ukiinunua, hakikisha kingo zote zimefunikwa, hata za chini zisizoonekana. Plaiwudi ya milimita 18 inashika skrubu vizuri zaidi na inavumilia unyevu zaidi, ila penye mchwa inahitaji kutiwa dawa. Chuma hakiliwi na mchwa wala hakivimbi, lakini mkwaruzo mmoja usiopakwa rangi ni mlango wa kutu. Unaposoma geji ya bati, yaani namba ya unene wake, kumbuka namba kubwa ni bati jembamba: geji 24 ni kama milimita 0.6, geji 18 ni kama 1.2.

Kuhusu rafu, upana ndio adui. Mzigo ule ule ukiuweka kwenye rafu yenye upana maradufu, rafu inapinda mara 8. Kwa hiyo rafu ya chipubodi isizidi sentimita 60 bila nguzo katikati, na ya plaiwudi isizidi 80. Ukipigilia ufito uliosimama kwenye ukingo wa mbele, unaongeza uimara kwa gharama ndogo sana.

Hatua ya 5: Ingiza gari, fungua kila kitu

Usipime gereji ikiwa tupu. Ingiza gari, fungua milango yake yote, inua boneti, inua mlango wa buti. Kisha fungua mlango wa gereji hadi mwisho. Kama ni wa kupanda na kulala chini ya dari, una reli pande zote mbili na pengine mota katikati, na hapo ndipo watu wanapogundua kwamba kabati walilonunua halifunguki mlango ukiwa juu.

Juu ya meza ya kazi acha sentimita 45 au 50 kati ya meza na chini ya kabati. Mahali mtu anapopita usiweke kona ya kabati kwenye usawa wa kichwa.

Na usipime kimo kutoka sakafuni kila upande. Sakafu za gereji nyingi zimeinamishwa kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Piga mstari mmoja kwa pimamaji, vipimo vyote vitoke hapo.

Hatua ya 6: Milango

Ya bawaba ni rahisi kutengeneza na inafunguka yote, lakini inataka nafasi mbele. Ya kuteleza haigongi gari, ila nusu ya kabati inabaki imefungwa daima. Ya kuinuka juu inapendeza, nayo inahitaji nafasi hadi darini. Vyovyote iwavyo, weka komeo linalobana kweli. Sumaku ndogo haizuii kopo lililoegemea mlango.

Hatua ya 7: Visivyopanda juu

Petroli, mitungi ya gesi, dawa za sumu zilizo majimaji, na makopo ya kupulizia. Karibu na dari ndipo joto linapokusanyika, na makopo mengi ya kupulizia yameandikwa yasifikie nyuzi joto 50 za Selsiasi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo kopo likivuja juu unashuka na kutanda sakafuni, kimya, ukisubiri cheche. Petroli ikae kwenye chombo chake maalumu, mbali na moto, na ikiwezekana nje ya nyumba ya kuishi.

Maswali ya wanachama

*Fundi, kabati nililoliona limeandikwa linabeba kilo 100. Si nipo salama?*

Namba hiyo ni ya kabati, mzigo ukiwa umetandazwa sawasawa kwenye rafu zake. Haisemi lolote kuhusu ukuta wako wala skrubu zako. Tafuta kinachobeba kidogo kuliko vyote kati ya hivyo vitatu, na hicho ndicho kipimo chako. Mimi hujaza nusu tu ya namba iliyoandikwa.

*Shikamoo mwalimu. Nyumba nimepanga na mwenye nyumba hataki matundu. Nifanyeje?*

Marahaba. Tengeneza fremu ya kusimama: miguu minne hadi sakafuni, kabati juu, uwazi katikati wa kuegesha baiskeli au kuweka meza. Uzito wote utashuka sakafuni. Lakini fremu ndefu inaweza kuanguka mbele mtu akijivuta nayo, kwa hiyo mwombe mwenye nyumba tundu moja au mawili tu ya kuifunga ukutani kwa juu. Mwelezee kwamba ni kwa usalama wa watoto. Akikataa kabisa, panua miguu, weka vizito chini kabisa, na kabati liwe fupi.

*Je, naweza kulining'iniza kwenye dari badala ya ukutani?*

Ubao wa dari wenyewe haubebi kitu. Kenchi za paa nazo zimepigiwa hesabu ya paa na dari, na mara nyingi mbao zake za chini hazikukusudiwa kubeba ghala la vitu. Usikate wala kutoboa matundu makubwa kwenye kenchi. Kama dari ni zege, ni habari nyingine, lakini hapo bolti inavutwa moja kwa moja kuelekea chini saa zote, kwa hiyo mpe mhandisi akutazamie kwanza. Ukuta ukiwepo, tumia ukuta.

*Nimepewa makabati ya zamani ya jikoni. Yanafaa gereji?*

Yanafaa sana, kina chake huwa kama sentimita 30 na hicho ndicho tunachokitaka. Kagua mgongo. Mengi yana mgongo mwembamba wa milimita 3 uliopigiliwa pini, na ukipitisha skrubu humo kabati litabaki bila mgongo siku likijaa. Funga ufito mnene wa mbao ndani, chini ya paa la kabati, uliogundishwa na kupigwa skrubu kutoka pembeni, kisha bolti zipite kwenye ufito huo. Bonyeza pia kingo za chini kwa kidole gumba; zikiwa laini, zimekwisha nywa maji.

*Nafanya kazi peke yangu. Nitalinyanyuaje na kulishikilia huku nikifunga?*

Pasua ubao wa plaiwudi wa milimita 18 kwa urefu, msumeno ukiwa umelazwa nyuzi 45. Utapata fito mbili zinazoshikana kama ndoano. Mmoja unaufunga ukutani, ncha ya mshazari ikitazama juu na mbali na ukuta, ukiupima kwa pimamaji. Wa pili unaufunga nyuma ya kabati, umegeuzwa. Unalinyanyua kabati tupu, bila milango na bila rafu, unaliketisha juu ya ufito, linajishika lenyewe. Chini weka ufito mwingine wa unene ule ule ili kabati lisiiname, halafu piga skrubu moja ya kulizuia lisinyanyuke.

*Mimi ni mfupi, sentimita 150. Kabati lianzie wapi?*

Dada, simama ukutani na viatu vyako vya kazi, inua mkono bila kusimama kwa vidole vya miguu, weka alama pale kiganja kinapofika. Rafu unayoitumia kila wiki isipite alama hiyo. Za juu yake ziwe za vitu vyepesi vya mara moja kwa mwaka, na ngazi ndogo ya vidato viwili ining'inie pembeni mwa kabati hilo hilo. Ikikaa mbali, siku moja utapanda juu ya ndoo.