Jinsi ya kuimba Om kwenye yoga, na maana ya kushika akilini ukiwa unaimba

Darasani wengi wanapiga Om (sauti tukufu ya dini za Kihindi) tatu za haraka haraka ili waanze kunyoosha viungo, mtu ukimuuliza ulikuwa unawaza nini hana jibu. Patanjali, mwandishi wa kale wa Kihindi, kwenye kitabu chake cha Yoga Sutra (1:28) anataka vitu viwili viende pamoja, kuirudia na kuizingatia maana yake.

Hatua ya 1: Kaa sakafuni au kwenye kiti, poa tu, bora mgongo unyooke na mkanda usibane tumbo. Usifanye ukiwa umetoka kula ugali sasa hivi, pumzi itakuwa fupi.

Hatua ya 2: Vuta pumzi kwa pua alafu toa sauti taratibu. Anza A mdomo wazi, weka kiganja kifuani utasikia panatetemeka, inaingia U midomo ikijikusanya (A na U zinaungana zinakuwa O, usizikatekate), mwisho M midomo imefungwa ila meno yasigusane, taya lilegee, hapo mtetemo unahamia puani na kwenye midomo mpaka inawasha kidogo. M iwe ndefu.

Hatua ya 3, na hii ndo yenyewe. Mandukya Upanishad, andiko la kale la Wahindu lenye aya 12 tu, inasema A ni hali ya kuwa macho, U ni ndoto, M ni usingizi mzito usio na ndoto, alafu ipo ya nne isiyo na herufi, ndo kile kimya kinachobaki. Kwahiyo M ikiisha usikimbilie kuvuta hewa, tulia usikilize pale sauti ilipoishia, pumzi itakuja yenyewe. Wengi wanaruka hapa! Mi naona Om tano zenye kimya zinazidi mia za mbio.

Hatua ya 4: Ukizoea, chukua mala. Ni kama tasbihi ila ina shanga 108 na moja ya ziada inaitwa meru. Shika mkono wa kulia, ilale kwenye kidole cha kati, sogeza kwa gumba, kidole cha shahada kikae mbali. Ukifika kwenye meru usiivuke, geuza urudi ulikotoka. Anza kwa sauti, baadaye mnong'ono, mwisho kimoyomoyo, ambayo ndo ngumu maana akili inatoroka bila wewe kujua.

Kuhusu pumzi, mwaka 2001 jarida la BMJ lilitoa utafiti wa Bernardi na wenzake, watu 23 walisali rozari kwa Kilatini na wakaimba mantra (maneno matukufu ya kurudiarudia) ya "om-mani-padme-om", zote mbili zikashusha pumzi hadi kama 6 kwa dakika.

Na tusidanganyane, Om ni tukufu kwa Wahindu, Wabudha na Wajaini, sio sauti tu ya mazoezi. Kama imani yako inakukataza usijilazimishe, fanya bhramari, yaani unavuma M peke yake midomo imefungwa. Ukisikia kizunguzungu acha, pumua kawaida.